Kopo la Pili Mezani

Ujumbe uliingia Thea Lindgaard akiwa ameshika mpini wa mashine.

Kindi wanahama Jumamosi. Ziba mashimo.

Akaufuta kwa kidole gumba. Akarudisha simu mfukoni, akaushusha mpini polepole kama alivyofundishwa. Ganda la shaba likaingia kwenye kalibu, likatoka limenyooka.

"Nani huyo?" Orrin aliuliza. Macho yake yalikuwa kwenye mizani.

"Dada yangu. Anauliza kama nimeshapata mume mwingine."

"Mwambie bado unajifunza kushindilia risasi. Mambo kwa hatua, bibie."

Thea alicheka. Kicheko kilikuwa cha kweli. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Hakuwa na dada. Hakuwa mtalaka aliyekimbilia kaskazini mwa Montana kutafuta utulivu. Alikuwa jasusi, na chini ya koti lake la pamba, kwapani, ililala bastola ya Glock iliyojaa risasi.

Idara ya ujasusi, iliyotuma ujumbe ule wa mafumbo kuhusu wavushaji, ilimleta hapa theluji ilipoanza kuyeyuka. Vipande vya kompyuta, vidogo kama punje ya mchele, vilikuwa vikiibwa kwenye mitambo ya makombora iliyofukiwa chini ya mashamba ya ngano. Vilivushwa kwenda Kanada, na huko watu wa taifa jingine walivipokea. Vingekamilika, wangeweza kuyafanya makombora yale yawe viziwi siku ya vita.

Vilipitaje mpakani? Idara haikujua. Ilijua tu kwamba kila safari ilianzia kwenye mji huu mdogo wa Coulee Bend, na kila msafiri alikuwa amepita kwenye banda la mtu mmoja.

Orrin Brask. Mgane. Mikono mikubwa, sauti ndogo. Mtu aliyewafundisha wageni kushindilia risasi zao wenyewe.

Thea alipewa kazi ya kumchunguza.

Akampenda.

*

Siku ya kwanza alikuja na bunduki mpya ya Savage, .22-250, na pakiti ya risasi za dukani. Alisema jirani yake ana malisho yaliyotobolewa na kindi wa mashimoni, ndama wanavunjika miguu, naye anataka kusaidia kuwapunguza.

Orrin aliitazama ile pakiti kwa huruma.

"Hizi ni chakula cha kopo," alisema. "Zinashibisha. Ila hakuna anayezitamani."

Akamketisha mbele ya mashine yake ya RCBS, ya kijani, iliyochubuka rangi pale mkono unaposhika. Akamwonyesha kusafisha maganda. Akamwonyesha kuyapaka mafuta kidogo ili yasikwame. Thea alizidisha mafuta, bega la ganda likabonyea.

"Umelipaka kama unakaanga samaki," Orrin alisema, akalitupa ndooni.

Fataki, kitone cha kuwashia, nyuma. Baruti ndani, baada ya kupimwa mizanini. Kisha maganda yote yakapangwa kwenye kibao na kumulikwa kwa taa, kuhakikisha baruti imefika usawa mmoja. Kichwa cha risasi huwekwa mwisho. Mtu mwenye haraka, Orrin alimwambia, akacheze karata.

Kulikuwa na amri mbili. Hizo hakuzifanyia utani.

Ya kwanza: kopo moja tu la baruti mezani. Ukimaliza, rudisha, funga, weka rafuni, ndipo ufungue jingine. Baruti mbili zinaweza kufanana kama pilipili manga mbili, na ile isiyo ya bunduki yako itakigeuza chuma kuwa vigae usoni mwako. Ukutani ilining'inia bunduki iliyopasuka kama ndizi iliyomenywa. Ilikuwa ya rafiki yake. Huyo rafiki sasa ana jicho moja.

Ya pili: usipige risasi iliyoshindiliwa na mtu mwingine. Wala usimpe mtu zako.

"Hata mkeo?" Thea aliuliza.

"Ardis alishindilia zake. Nami zangu. Tuliishi hivyo mpaka alipofariki."

Kikombe cha Ardis bado kilikuwa kwenye msumari juu ya meza. Hakuna aliyekigusa.

Risasi ya kwanza ambayo Thea aliimaliza ilikuwa na kibonyeo kidogo begani na mkwaruzo shingoni. Orrin aliigeuza kwenye mwanga, akasema itafyatuka vizuri tu, kisha akamrudishia kiganjani na kumfunga vidole.

"Ya kwanza haipigwi. Iweke. Siku ukizeeka utaitazama ucheke."

Aliiweka kwenye mfuko wa kifuani. Haikutoka kifuani pake tena, hata alipobadili shati. Ilihama pamoja naye.

Kila jioni alituma taarifa kwa Idara. Kila jioni aliandika kwamba hajaona kitu. Aliomba Mungu iwe kweli.

*

Njia yenyewe ilijifichua mezani kwa Verna, Ijumaa, kwenye chakula cha mchana.

Verna alikuwa na mkahawa pekee mjini na ulimi mrefu kuliko barabara ya kwenda Kanada. Orrin na Thea walikuwa wanakula pai ya cheri alipoingia Corwin Tate, mchuuzi wa vipuri vya pampu za maji. Buti mpya. Kicheko kikubwa. Alikuja Coulee Bend mara moja moja, akasalimia kila mtu kama mgombea kura.

Orrin alitoa sanduku la plastiki la kijani mfukoni mwa koti, akaliweka mbele yake. Corwin akalifungua, akaonyesha meza nzima. Risasi hamsini, zimesimama wima, zinang'aa kama pete.

Verna alikuwa anamimina kahawa. Akauliza ni za nani.

"Za Orrin, mama. Mimi sipigi nyingine. Mwaka jana nimemaliza mia tano."

Vichwa viligeuka.

Mkulima mmoja aliweka uma chini. Mwingine akamgeukia Orrin, kisha akatazama dirishani kwa adabu.

"Ala," Verna alisema. "Orrin Brask, wewe uliyemnyima marehemu hata moja. Leo umekuwa duka?"

"Anatania," Orrin alisema.

"Mimi namtania nani?" Corwin alicheka. Hakuelewa alichosema. Alikuwa mtu wa kuja, hakuna aliyemfundisha.

Orrin aliitazama pai yake.

Thea alihisi baridi ikimpanda mgongoni. Mtu yule asingempa mwingine risasi yake aipige. Asingeweza. Angekatwa mkono kwanza.

Basi zile hazikuwa za kupigwa.

Aliomba radhi, akaenda msalani, akafungua bomba. Saa ya mkononi, Garmin iliyofanyiwa marekebisho na mafundi wa Idara, ilimuunganisha na mkuu wake, Bi Halloran.

"Sema."

"Wanaweka ndani ya risasi. Ganda halina baruti, lina mzigo."

"Na mpakani hawazijaribu?"

"Askari wa mpakani ni wawindaji. Hakuna atakayekubali kupiga risasi ya mtu mwingine. Ni mila yao."

"Safi. Nani anazishindilia?"

Maji yalikuwa yanamwagika.

"Sina hakika bado," Thea alisema.

"Tate anaondoka kesho. Mkamate akiwa na mzigo, kabla ya waya wa mpaka. Na nipate jina la pili."

"Sawa, mama."

Alipotoka, Corwin alikuwa amesimama karibu na koti la Thea. Alikuwa amelishika kama mtu anayetaka kumsaidia mwanamke kulivaa. Glock ilikuwa imebaki garini, lakini mkanda wake ulikuwa umeacha alama kwenye bitana, na macho ya Corwin yalikuwa hapo.

Alimvisha koti taratibu. Akatabasamu.

*

Alasiri ile Thea alishindilia risasi ishirini. Orrin alimtazama akipima, akimulika, akiweka vichwa.

Thea alipomaliza, aliacha sanduku lake mezani makusudi, kama mtu anayesahau mwavuli ili apate sababu ya kurudi.

"Risasi zako hizo," Orrin alimwita. "Usimwachie mtu."

"Wewe si mtu. Wewe ni Orrin."

Hakucheka.

Alipokuwa anatoka getini, gari la Corwin, GMC nyeusi, lilikuwa linaingia.

*

Asubuhi alizifuata. Orrin alikuwa hajanyoa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa karibu na moshi. Alilishika sanduku la Thea kwa mikono miwili, na Thea alipolipokea hakuliachia mara moja.

"Upepo ni mbaya leo. Usitoke."

"Nitarudi mchana. Tutakula."

"Thea."

"Naam."

"Basi. Hakuna."

Nyuma yake, mezani, kulikuwa na makopo mawili ya baruti. Moja lenye kifuniko cheusi. Moja lenye kifuniko chekundu.

Thea aliyaona.

Akaamua hakuyaona.

*

GMC, Thea akiwa nyuma yake, iliiacha lami kilomita chache nje ya mji, ikakata kaskazini. Corwin hakuwa anaenda kituo cha forodha. Baada ya jana hakuwa na ujasiri huo. Alikuwa anaelekea kwenye malisho ya wazi, ambako mpaka ni waya wa miba na mtaro, na ng'ombe wa nchi mbili wanatazamana.

Thea alikanyaga mafuta. Ford yake ilinguruma.

"Helikopta iko wapi?"

"Upepo umeizuia," Bi Halloran alijibu kwenye saa. "Uko peke yako."

Kioo cha mbele kilipasuka. Corwin alikuwa anapiga kupitia dirishani, mkono mmoja kwenye usukani. Risasi ya pili iliingia kwenye rejeta. Mvuke ukafunika boneti. Ford ilipanda kilima kwa pumzi zake za mwisho, ikafia juu.

Thea alitoka na Savage.

Alilala kifudifudi kwenye nyasi, bunduki juu ya mkoba. Kwenye darubini ya Leupold aliiona GMC ikiyumba bondeni. Malisho yale yalikuwa yametobolewa kila mahali na kindi. Corwin alikuwa anakwepa mashimo kama mlevi anayekwepa madimbwi. Mbele yake, waya wa mpaka uling'aa kwenye jua.

Umbali ule Glock haikuwa na kazi.

Alifungua sanduku. Akachukua risasi moja, akaiingiza, akafunga bolti, komeo la bunduki. Akatazama nyasi zinavyolala, kama alivyofundishwa, akahamisha alama mpaka mbele kidogo ya gurudumu. Akashusha pumzi nusu.

Kidole kikagusa kifyatulio.

Simu ikalia kwenye nyasi, kando ya shavu lake. Jina la Orrin.

Akabonyeza.

"Usipige," sauti ilisema.

"Orrin, sina nafasi ya..."

"Najua uko wapi. Najua unafanya nini. Usipige hizo, hata moja. Fungua bolti, Thea, nakuomba."

"Kwa nini?"

Alijua kwa nini. Alitaka amwambie kitu kingine chochote.

"Iliyomo siyo baruti yako."

Upepo ulipita juu ya nyasi.

Makopo mawili. Kifuniko cheusi, kifuniko chekundu. Orrin alikuwa ameketi pale mezani, akazifungua zote ishirini, akaweka kifo cha Thea ndani ya kila moja, akazifunga tena. Sasa alikuwa anamwambia. Kwa neno lile alikuwa amemwokoa. Kwa neno lilelile alikuwa amejifunga kamba mwenyewe, kwa sababu saa ya Thea ilikuwa wazi na Bi Halloran alikuwa anasikia kila kitu.

"Unajua ninasikilizwa?"

"Nilidhani hivyo. Fungua bolti."

Akaifungua. Risasi ikarukia kwenye nyasi, nzuri, safi, haina hata alama.

Bondeni, GMC ilikuwa imefika kwenye mteremko wa mwisho.

Mkono wa Thea ukaenda kifuani.

Ile risasi ya kwanza ilikuwa na joto la mwili wake. Kibonyeo begani. Mkwaruzo shingoni. Haikuwahi kukaa mikononi mwa mtu mwingine tangu siku alipofungwa vidole juu yake.

"Bado uko?" Orrin aliuliza.

"Usikate simu," Thea alisema.

Akaiingiza. Akafunga bolti. Akashusha pumzi.

Akapiga.

Gurudumu la mbele lilipasuka. GMC ilipinda, ikaangukia kwenye shimo la kindi hadi ekseli, ikainua matako na kutulia. Corwin alitoka mlangoni akiwa amekumbatia sanduku la kijani. Akakimbia kuelekea waya.

Thea alikuwa tayari anateremka kilima, Glock mkononi. Hakuhitaji kuitumia. Mchuuzi wa vipuri hakutazama anapokanyaga. Mguu wake uliingia shimoni, mwili ukaendelea mbele, na mfupa ukalia kama kijiti.

Alilala akitukana, mkono wake ukikaribia kabisa waya wa mpaka.

"Bwana wako atazama kabla yangu," alimwambia Thea kwa meno yaliyokazwa. "Anakushindilia mauti huku unamchekea. Mjinga wee."

Thea aliokota risasi moja kati ya zile zilizomwagika. Akamwekea mbele ya pua.

"Si ulisema umepiga mia tano? Piga hii moja niione."

Corwin aligeuza uso kwenye nyasi.

*

Helikopta ilipotua, Bi Halloran mwenyewe alikuwamo. Fundi aliing'oa risasi moja kichwa chake. Ndani, badala ya baruti, kulikuwa na pamba, na ndani ya pamba punje nyeusi inayong'aa.

Bi Halloran aliitazama. Kisha akamtazama Thea.

"Jina la pili tunalo," alisema. Hakulisema kwa ukali. "Naweza kuwatuma vijana."

"Nitaenda mwenyewe."

*

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Orrin alikuwa ameketi mahali pake. Mbele yake vikombe viwili vya kahawa. Kimoja kilikuwa cha Ardis. Msumari wake ulikuwa mtupu.

Thea aliketi. Kahawa ilikuwa bado ya moto.

"Ulipiga kwa risasi ipi?" Orrin aliuliza. "Nilisikia mlio kwenye simu."

"Ile ya kwanza."

Orrin alifumba macho. Kitu kama tabasamu kilipita, kikaondoka.

"Nilikuambia haipigwi."

Halafu akasema yote, bila kuulizwa, akitazama mikono yake. Kisima chao kilikuwa karibu na eneo la mitambo. Watu wenye suti walikuja wakawaambia maji ni salama, wakanywa glasi moja mbele yao, wakaondoka. Ardis akayanywa kwa miaka. Alipougua, hakuna aliyerudi. Corwin alipokuja na ombi lake, Orrin hakuuliza vitu vile vinakwenda wapi. Alitaka na wao wapoteze kitu.

Kuhusu jana, Corwin alikuwa amepanga kila kitu. Mwanafunzi kuipasua bunduki usoni, nani atashangaa? Mji mzima ungetikisa kichwa na kusema maskini, alichanganya makopo.

"Nilizijaza zote," Orrin alisema. "Moja moja. Nilizipima. Mkono wangu haukutetemeka, Thea. Hicho ndicho kinachoniogopesha."

"Ungeweza kunyamaza."

"Nilijaribu. Nilikaa hapa nikajaribu."

Upepo uliigusa bunduki iliyopasuka pale ukutani, ikagonga ubao mara moja.

"Na dada yako?" aliuliza. "Atasemaje?"

"Sina dada."

"Na mengine?"

Thea alikunywa kahawa yote, mpaka machicha. Akakirudisha kikombe cha Ardis kwenye msumari wake.

"Mengine yote yalikuwa kweli."

Orrin aliitikia kwa kichwa polepole. Akasimama, akaleta mikono yake mbele. Mikono mikubwa. Pingu zilimbana, Thea akazilegeza tundu moja.

Mlangoni, Orrin aligeuka kutazama meza.

"Rudisha kopo moja," alisema. "Tafadhali. Haipendezi hivyo."

"Siwezi. Ni ushahidi."

"Ehe." Akafikiri. "Ni kweli."

Wakatoka.

Gari la Idara lilimchukua. Hakutazama nyuma, na Thea alishukuru. Verna alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na birika mkononi.

Saa ikatetemeka mkononi mwa Thea.

"Kuna kazi kusini," Bi Halloran alisema. "Ndege inakusubiri. Unaweza?"

"Naweza."

"Uko sawa?"

"Niko sawa, mama."

Akazima. Mfukoni mwa kifua, ganda tupu lilikuwa limepoa.

Akaitupia Savage begani na kuanza kutembea kuelekea barabara kuu, bila haraka, bolti ikiwa wazi kama alivyoombwa.